Mwaka wa Megahezi Mia Mbili

Bi Riziki alizikwa Msambweni siku ya Jumatano, na Ijumaa, hitima ilipokwisha na sinia za pilau zikawa zinaoshwa uani, binti yake Saumu alinishika mkono akaniambia, "Dada Mejumaa, njoo utazame mzigo wako." Nikamfuata chumba cha nyuma, kile kinachowekwa magunia na vitanda vilivyovunjika. Juu ya meza ilikuwapo kompyuta niliyoianzia kazi, sanduku la kulala lililobeba skrini yenye tumbo kubwa nyuma, rangi yake ya maziwa imegeuka kuwa ya chai. Mtu mwingine angelia kwanza. Mimi niliomba bisibisi. Nikaishusha skrini, nikafungua skrubu nne, nikainua kifuniko, nikapuliza vumbi, na chini ya utando wa buibui nikaziona jampa mbili, vijiplastiki vya kupangia kasi, zimekaa pale pale zilipowekwa na vidole vyangu. Miaka ishirini na kitu, na hakuna mkono uliozigusa. Nikamwambia Saumu, "Mashine hii ilitengenezwa iende megahezi mia moja sitini na sita. Mimi niliipeleka mia mbili." Saumu akasema, "Hongera, dada," kwa sauti ya mtu anayejibu salamu, akaendelea kupanga magunia.

Leo nina karakana yangu Mombasa na nina wanafunzi, na kila mwaka huwaambia habari ya mashine ile, maana wanadhani kompyuta zilianza walipozaliwa wao. Lakini huwa nawaeleza nusu tu, ile nusu inayonipa sifa. Nusu ya pili sijapata kuisimulia kwa mtu. Haina siri kubwa ndani yake. Ni vile tu kwamba mimi si mwepesi wa kusema nilikosea, na walionilea wanalijua hilo, na waliofanya kazi nami wanalijua zaidi.

Mwaka wa tisini na nane nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimetoka Kikoneni na cheti cha kupiga chapa na kiburi cha kuwatosha watu watatu. Duka la Bi Riziki lilikuwa Ukunda, kando ya barabara inayoshuka Diani, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la maua. Upande wa kulia ulikuwa wake, cherehani, meza ya kukatia, na nguo za watu zimetundikwa ukutani zikisubiri vifungo. Upande wa kushoto ulikuwa wangu, kompyuta, printa ya wino, na kiti kimoja cha mteja. Kompyuta yenyewe Bi Riziki aliinunua kwa hoteli moja ilipofunga milango na kuuza vyombo vyake. Alikwenda kununua mapazia, akarudi na kompyuta, kwa sababu aliona watu wanapanga foleni kupigiwa barua akasema hakuna fundi anayekataa kazi mpya. Chumba kilinukia kitambaa kipya, mafuta ya cherehani na chai ya tangawizi, na mpaka leo nikipita penye duka la mshonaji hujikuta natafuta swichi ya kuwashia mashine.

Siku niliyoanza kazi niliikuta kompyuta imefunikwa. Bi Riziki alikuwa ameitengenezea kitambaa cheupe chenye maua ya rangi ya chungwa, kazi ya wiki nzima ya mkono, kikitoka juu ya skrini kikishuka pande zote mpaka mezani, na mgongoni kikining'inia kama vazi la buibui. Ndivyo tulivyofanya sote wakati huo. Redio ilikuwa na kitambaa chake, televisheni na chake, hata jagi la maji lilikuwa na chake chenye shanga pembeni. Chombo kisichofunikwa kilionekana hakina mwenyewe. Mimi nikakinyanyua kwa vidole viwili, kama mtu anayemtoa mende kwenye sukari, nikamwambia, "Bi, hii si redio ya nyanya. Watu wa hoteli wakiingia wakakuta mambo haya ya kishamba watatucheka." Bi Riziki alikuwa mkubwa kuliko mama yangu. Alikichukua, akakikunja mara nne, akakilaza juu ya paja lake akakinyoosha kwa kiganja. "Haya, mwanangu," akasema. "Wewe ndiye mjuzi." Sikumwona nacho tena, nikahesabu kwamba nimeshinda.

Siku zetu zilikuwa na mpango wake. Ikifika adhuhuri mimi hutangulia kwenda nyuma ya duka, kwenye chumba cha kulia, nikaswali, nikala alichokipika asubuhi kabla hajaja, mara nyingi sima na mboga ya mchunga wa nazi, siku za heri samaki wa kupaka. Yeye hubaki akilinda duka. Nikirudi, naye huenda. Nilikuwa nikivaa kandambili zilizokuwa zikipiga kelele ujiani, pwa, pwa, pwa, na Bi Riziki alizoea kunitania kwamba mwizi aliyevaa kandambili zangu angekamatwa kabla hajaiba. Mashine sikuwa naizima saa hiyo, maana kuiwasha upya kulichukua muda wa kunywa kikombe kizima cha chai. Nilikuwa naiachia kazi ndefu, kama kuchapa kurasa nyingi au kuunganisha picha, ili nikirudi nikute imemaliza.

Mwezi wa saba meneja wa hoteli moja ya Diani alikuja mwenyewe. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, mwenye adabu ya haraka haraka. Hoteli zilikuwa ndiyo kwanza zinaamka baada ya mwaka mbaya, na yeye alitaka kitabu cha menyu chenye picha za rangi. Mombasa walikuwa wanaweza kumtengenezea, lakini kila akitaka picha isogezwe kidogo ilimbidi avuke kivuko. Akataka ofisi iliyo karibu, akae karibu ya mpiga chapa, aseme hii weka hapa, ile ikuze, na aione ikifanyika. Picha alizileta kwenye diski. Nikafungua ya kwanza, kamba wa kuchoma juu ya sahani, nikaishika niisogeze kulia. Mashine ikafikiri. Picha ikajichora upya mstari baada ya mstari, kutoka juu kwenda chini, na sisi wawili tukimsubiri kamba aote mkia. Picha ya pili ikawa vilevile. Alipotazama saa yake mara ya tatu akasimama. "Nitarudi Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nne," akasema. "Ikiwa ni hivi tena, nitaipeleka Mombasa tu." Akaaga vizuri, akaenda zake.

Kesho yake, nikiwa upande wangu, nilimsikia Bi Riziki akizungumza na mteja aliyekuja kupimwa gauni. Pazia si ukuta, na mimi sikujitahidi kutosikia. "Mashine hii ina mtu wa Kinango anaitaka," alisema, sauti imebanwa na pini alizozishika midomoni. "Ana duka la dawa za mifugo. Barua za hapa na pale haziilishi. Kazi ya hoteli ikija, inabaki. Isipokuja, mwisho wa mwezi aje aichukue." Mteja akauliza, "Na huyu binti je?" Pini zikatolewa. "Atarudi kwao Kikoneni. Mikono anayo ya fundi, wallahi. Ulimi ndio haujapigwa pasi." Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Kurudi Kikoneni si aibu, kuna watu wazuri na mihogo mizuri, lakini kompyuta haikuwepo hata moja, na nilikuwa nimeshajua kwamba mimi bila ile mashine ni mtu mwingine, mtu nisiyemtaka.

Aliyeleta dawa ya uzito wa mashine alikuwa Kioko, fundi umeme wa hoteli nyingine, kijana wa Makueni aliyekuwa akija kupunguziwa suruali za sare kwa sababu hoteli ilikuwa na saizi moja tu ya fundi. Aliisikia habari yangu akacheka. "Mejumaa, hii mashini si mbovu, ni lazy tu. Inaweza kuenda mbio kuliko hivi, ni vile haijaambiwa. Kuna mzungu ameacha magazine kwa room, iko na hiyo story yote." Akaileta siku ya pili. Ilikuwa ya Kijerumani. Mimi sikujua neno, na Kioko alijua Kijerumani cha kazi yake tu, kile ambacho wageni humwitia fundi. Tukainamia ukurasa pamoja, akawa anapitisha kidole. "Hapa anasema 'moto sana'. Hapa anasema 'imeharibika'. Hapa 'polepole'. Hapa tena 'moto sana'." Nikamwuliza, "Na katikati?" Akasema, "Katikati sijui. Lakini iko na picha." Nimesoma vitabu vingi vya mambo haya tangu siku hiyo, na naapa hakuna kilichonifunza zaidi ya maneno yale matatu na picha moja ya mchoro.

Nitaeleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Ndani ya sanduku kuna ubao mkuu, na ubao ule hupiga mapigo kama mpiga ngoma. Prosesa ndiye mchezaji. Ubao wetu ulikuwa ukipiga mapigo milioni sitini na sita na ushei kila sekunde, na prosesa yetu kwa kila pigo moja ilikuwa ikicheza mara mbili na nusu, na hesabu hiyo ndiyo inayotoa mia moja sitini na sita. Anayemwambia mchezaji acheze mara ngapi ni jampa, kijiplastiki cheusi kidogo kama punje ya mchele kinachounganisha pini mbili. Ukizihamisha jampa mahali pake, mara mbili na nusu inakuwa mara tatu, na mashine inakwenda mia mbili. Waliotengeneza prosesa huacha nafasi kidogo juu ya ile kasi wanayoiandika, na nafasi hiyo ndiyo unayoichukua. Bei yake ni joto. Mchezaji akichezeshwa zaidi hutoka jasho zaidi, na asipopata upepo huanguka. Kweli, kama tungepata kumbukumbu zaidi za kuongeza kwenye mashine ingefaa kuliko hayo yote. Hatukuzipata. Tulichokuwa nacho ni bisibisi na jampa.

Tuliifungua siku ya Jumapili, Kioko ametoka kanisani na shati lake jeupe, Bi Riziki amekwenda harusini Msambweni. Sikumwomba ruhusa. Nilijiambia kwamba hataelewa, na kwamba ikifaulu nitamwambia, na ikiharibika pia atajua. Nikazitoa jampa kwa kibano cha nyusi, nikazihamisha kama mchoro ulivyoonyesha, nikasema bismillahi, Kioko akapiga ishara ya msalaba, nikawasha. Skrini ikaleta namba: 200. Nikapiga kigelegele peke yangu, mpaka muuza viazi wa nje akachungulia. Kamba wa kuchoma akasogea kulia kabla sijamaliza kupumua. Hapo tukaingiwa na tamaa. Nikasema tuongeze na mapigo yenyewe ya ubao, twende mia mbili ishirini na tano. Nikawasha, skrini ikawa nyeusi tii. "Umeiua," Kioko akasema, na shati lake jeupe likalowa mgongoni. Mimi nikarudisha jampa ile moja, nikawasha, namba ikarudi. Nikamwambia kwa sauti ya mwalimu, kama vile nilijua tangu mwanzo, "Unaona? Hatua moja moja, na kitu kimoja kimoja."

Jumatatu asubuhi mashine ilikimbia vizuri sana. Adhuhuri nikaiachia picha kumi na mbili iziunganishe, nikaenda kula. Niliporudi nilikuta imeganda, kishale hakiendi, kibodi haijibu. Nikaizima, nikaiwasha, jioni yote ikaenda salama. Jumanne ikawa hivyo hivyo, asubuhi iko sawa, adhuhuri imeganda, jioni iko sawa. Jumatano vilevile. Mteja mmoja wa Bi Riziki alisema wazi kutoka nyuma ya pazia, "Saa saba mchana ni saa ya mashetani kupunga upepo. Kifukizeni ubani chombo hicho, au mkitoe humu." Nami nikawa na majibu yangu ya kisomi. Nikasema ni jua la mchana kwenye mabati, nikasema ni umeme wa Ukunda unaopanda na kushuka hoteli zinapopika chakula cha mchana. Nikabadilisha soketi. Nikamwagia maji sakafu nzima kuipoza. Kila jibu nilitoa kwa uhakika na kila jibu lilikuwa la uongo.

Alhamisi jioni, siku mbili kabla ya meneja, nilikaa mbele ya mashine nikapima mambo. Nikiirudisha mia moja sitini na sita haitaganda, lakini itakuwa nzito, kazi imekwenda. Nikiiacha mia mbili inaweza kuganda mbele ya macho ya meneja, kazi imekwenda pia. Kwa kukosa la kufanya nikachukua brashi ya rangi nikaanza kusafisha tundu za mgongoni, pale feni inapotolea hewa ya moto. Kwenye meno ya tundu moja nikakuta kitu kimenasa. Nikakivuta. Kilikuwa uzi mfupi, wa rangi ya chungwa.

Ijumaa adhuhuri niliiachia mashine kazi, nikapiga kandambili zangu ujiani mpaka mwisho, nikazivua, nikahesabu mpaka mia, nikarudi pekupeku. Bi Riziki alikuwa upande wangu wa pazia. Alikuwa amekitoa kitambaa kwenye droo ya cherehani, amekikung'uta, anakilaza juu ya skrini taratibu, akivuta huku akivuta kule mpaka maua yakakaa katikati. Lori la matofali ya matumbawe likapita nje, vumbi jeupe likaingia mlangoni kama linavyoingia kila siku saa hiyo, na yeye akakishusha zaidi upande wa mgongoni, akakipigapiga kwa kiganja.

"Bi!" nikapiga kelele. "Unaiua!"

Alishtuka akashika kifua. "Subhanallah, Mejumaa! Viatu vyako viko wapi?"

"Kitambaa, Bi! Kitoe kitambaa!"

"Vumbi, mwanangu," akasema, huku akikitoa, na mikono yake ilikuwa ya mtu aliyefumaniwa. "Malori ya saa saba. Wewe huyaoni, uko nyuma unakula. Vumbi lote la barabara linaingia humu ndani ya mashine."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokuja. Nikikusikia unarudi, nakitoa." Kisha akanitazama sawasawa, maana hakuwa mjinga hata kidogo. "Lakini miezi yote hiyo nimeifunika na haikuganda. Imeanza wiki hii. Kwa nini?"

Na hapo nikanaswa. Kwa sababu jibu nililijua. Kwa kasi yake ya zamani mashine iliweza kuvumilia blanketi. Kwa mia mbili haikuweza. Kitambaa peke yake hakikuwa na kosa, na jampa zangu peke yake hazikuwa na kosa, viwili hivyo ndivyo vilivyokutana adhuhuri. Nikamwambia. Nikamweleza Jumapili, bisibisi, Kioko, yote. Akakaa kwenye kiti cha mteja.

"Umeifungua mashine yangu bila kuniambia."

"Nawe umeifunika bila kuniambia," nikasema. Naam, nilisema hivyo, kwa mtu aliyekuwa akinipikia.

Hakupandisha sauti. Alikuwa anakikunja kile kitambaa, mara moja, mara mbili. "Mimi nilificha kwa kuwa uliniambia ni ushamba, nikaona haya," akasema. "Wewe ulificha kwa nini?"

Nimeulizwa maswali mengi na watu wenye shahada, na mengi nimeyajibu. Lile sikulijibu, wala leo sina jibu la kunipendeza. Bi Riziki akamaliza kukunja, akakiweka kitambaa pajani, akasema, "Haya basi. Nieleze inavyofanya kazi. Mimi ni fundi, nitaelewa."

Nikaacha mambo ya mapigo na hesabu, nikamwonyesha cherehani. Nikamwambia, ukishona jinzi huku unakanyaga mbio mbio, sindano inafanya nini? "Inapata moto," akasema. "Uzi unakatika." Nikamwambia ndivyo ilivyo, prosesa ni sindano, mimi nimekanyaga zaidi, na zile tundu za nyuma ndizo inazopumulia. Akaenda nyuma ya mashine, akaweka kiganja chake penye feni, akasikia pumzi ya moto ikimpiga. Uso wake ulibadilika. "Masikini," akasema, akiiambia mashine. "Kumbe hii inataka upepo, haitaki heshima." Kisha akanigeukia. "Kesho itakwenda?"

"Itakwenda."

"Na ikilala mbele ya yule bwana?"

"Nitarudi Kikoneni."

"Nani kakwambia utarudi Kikoneni?"

"Pazia si ukuta, Bi."

Akaangua kicheko mpaka akafuta macho kwa ile ncha ya kitambaa chenyewe. Tukaenda kula pamoja siku hiyo, duka tumelifunga, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na akaniwekea kipande cha samaki kilichokuwa chake.

Jumamosi tuliishusha skrini tukaiweka kando, tukaondoa kifuniko cha sanduku kabisa, tukasogeza pazia ili meneja asione matumbo ya mashine. Saa nne kamili akaingia. Bi Riziki alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya meza yangu, na mkononi ana kipepeo cha ukindu, kile cha kupepelea jiko. Meneja akasalimu, akauliza, "Mama, joto?" Bi Riziki akajibu, "Joto la Ukunda, baba, we acha tu," akaendelea kujipepea, na kila pepeo la pili likawa linakwenda kwa prosesa. Kamba akasogea. Pweza akakuzwa. Meneja akasema nanasi lihamie ukurasa wa juu, nanasi likahamia. Akaanza kufurahia, akaagiza vitu ambavyo hakuvihitaji, ili aone tu vikienda. Saa tano ikapita, saa sita ikapita. Malori ya matofali yakaanza, vumbi likaingia, na Bi Riziki akabadilisha mkono bila kukosa pigo. Mashine haikuganda hata mara moja. Saa saba na nusu meneja akasimama akanyoosha mgongo. "Menyu nataka Jumatatu," akasema. "Na ratiba ya burudani ya kila wiki mtafanya ninyi." Alipotoka tu, Bi Riziki alikiacha kipepeo kikaanguka, maana vidole vilikuwa havifunguki.

Mkono ulimuuma siku mbili. Nilimkanda kwa mafuta ya nazi na chumvi, na tukazungumza habari za menyu, na bei ya vitambaa, na Kioko, aliyekuja kudai soda yake akapewa soda mbili na suruali ya bure. Mtu wa Kinango aliambiwa atafute mashine nyingine. Mwisho wa mwaka ule meneja yule yule alinitafutia nafasi ya mafunzo Mombasa, nikavuka na sanduku langu, na Bi Riziki akaniombea dua mlangoni. Nilimwambia mengi siku hiyo. Sikumwambia niwie radhi. Nilidhani kazi iliyofaulu ni radhi tosha, na kila Idi nilipokwenda kumwamkia nilimpelekea kanga na sukari nikaona ninalipa vizuri.

Haya yote nilikuwa nayafikiri Ijumaa ile ya hitima, kifuniko cha sanduku mkononi, nikiziangalia jampa zangu na kujisifu. Saumu alikuwa ametoa kitu chini ya magunia. "Hiki nilitaka kukifanya tambara la kupangusia," akasema. "Kizuri, lakini kimetobolewa na panya." Nikakipokea. Maua ya chungwa yalikuwa yamefifia lakini sikuweza kuyakosea. Nikarudisha kifuniko, nikapandisha skrini juu yake, nikakitandaza kitambaa kama nilivyomwona yeye akikitandaza, huku na kule, mpaka maua yakakaa katikati. Kisha nikazunguka nyuma. Mgongoni, kwenye sehemu inayoning'inia, palikuwa na dirisha la mraba, pande nne sawasawa, na lile dirisha liliangukia juu ya tundu za feni bila kuzidi hata upana wa uzi. Kingo zake zote nne zilikuwa zimekunjwa ndani na kushonwa kwa mkono, kwa uzi wa chungwa, mishono midogo iliyofuatana kama ya nguo ya bibi harusi.

"Alikuwa akiifunika kila adhuhuri," Saumu alisema. "Hata ilipokuwa haiwaki tena. Nikimwuliza, anasema Mejumaa kasema lazima ipumue."

Niliingiza mkono wangu kwenye dirisha lile, nikaugusa mgongo wa mashine, ulikuwa baridi. Nikalia. Nililia kuliko Jumatano ya mazishi, mpaka Saumu akaogopa akaja kunishika mabega, akinibembeleza kwamba ni kitambaa tu, dada, na kama nakitaka nikichukue, lile tundu linaweza kuzibwa.

"Usilizibe," nikamwambia. "Saumu, panya hapigi pindo."